Hereni ya Ng'ombe: Chagua Tundu Kabla ya Kushika Koleo

Kiangazi kikishika Tabora, matope yakaisha machungani na inzi wakapungua, ndipo wakati mzuri wa kuvisha mifugo hereni, kile kitambulisho chenye namba kinachofungwa sikioni. Sikio lililotobolewa Desemba, mvua zikiwa zimekolea, linaingiwa na funza upesi. Likitobolewa Juni au Julai, asubuhi kabla jua halijapanda, mara nyingi hukauka bila taabu. Mwenye ng'ombe ambao bado hawajavishwa asisubiri mvua za Novemba.

Lalamiko ninalolisikia sana kwa wafugaji wa Igunga, Nzega na Uyui ni hili: "Bwana mifugo, hizi hereni mbovu, zinadondoka." Huwa naomba nioneshwe ng'ombe mwenyewe. Jike mmoja niliyeoneshwa pembeni mwa mbuga ya Wembere alikuwa na sikio lililochanika kuanzia tunduni hadi ukingoni, vipande viwili vikining'inia kila kimoja upande wake. Hereni ile haikudondoka. Ilinasa kwenye mwiba wa mgunga, ng'ombe akavuta kichwa, ikapasua nyama ikatoka. Aliyemvisha alitoboa vidole viwili tu kutoka ncha ya sikio. Hata hereni ngumu kuliko zote isingekaa pale.

Kwa hiyo anza na sikio. Leo jioni ng'ombe wako akiwa ametulia zizini, lishike, upitishe kidole gumba kwa ndani. Utagusa mbavu mbili ngumu za gegedu zinazotoka shinani kwenda nchani, moja juu na moja chini. Katikati yake kuna bonde laini. Geuza sikio lielekee jua nawe utazame kutoka upande wa pili: mishipa ya damu itaonekana imejichora. Tundu linatakiwa bondeni humo, mbali na mishipa hiyo, katika theluthi ya katikati ya urefu wa sikio, likisogea kidogo upande wa kichwani.

Ukitoboa ubavu wa gegedu, sikio litavimba na tundu litachelewa kupona. Ukipiga mshipa, damu itakutisha wewe na ng'ombe pia. Ukibana shinani kabisa, hereni itakosa nafasi ya kupumua na uchafu utajikusanya chini yake. Ukienda nchani, umeshaona kilichompata yule jike wa Wembere.

Hereni ina vipande viwili. Dume lina mwiba wenye kichwa kama cha mshale, na jike lina tundu la kuupokea. Mwiba uingie kutokea nyuma ya sikio, jike likae upande wa mbele. Koleo la kuvishia liwe lile linalolingana na hereni ulizopewa, maana viwanda havitengenezi miiba ya unene mmoja. Kabla ya kumkaribia ng'ombe, pachika vipande vyote viwili kwenye koleo, ulifunge polepole bila kubana hadi mwisho, uangalie kama ncha ya mwiba inaangukia katikati ya tundu la jike. Ikienda kando hata kidogo, rekebisha kwanza. Kosa hilo linapinda miiba mingi, na hereni iliyopinda haifungi sawasawa.

Chovya mwiba kwenye iodini au spiriti. Nimekuta watu wanapaka oili chafu ya pikipiki wakidhani inafukuza inzi. Jamani, acheni. Oili ile inaunguza kidonda na kukichafua.

Ng'ombe abanwe vizuri, kichwa kisicheze. Njia nyembamba ya josho inafaa kuliko vijana wawili wanaong'ang'ania pembe katikati ya zizi. Ukishalenga, bana mara moja kwa nguvu mpaka usikie mlio wa kufunga, kisha achia koleo papo hapo na uliondoe kwa kufuata kichwa kinakokwenda. Anayevuta koleo kwenda upande wake huku ng'ombe anarudi nyuma ndiye anayelipasua sikio kwa mkono wake mwenyewe.

Ndama wanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu sikio litanenepa na kurefuka. Hakikisha hereni inacheza kidogo, haijalibana sikio. Mbuzi na kondoo wavishwe hereni ndogo zilizotengenezwa kwa ajili yao. Ya ng'ombe inawaelemea.

Baada ya kuvisha, usiizungushe hereni kila siku ukidhani unazuia isishike. Unachofanya ni kubandua gaga changa. Angalia tu kwa macho, na kwa pua pia, hasa ndani ya siku kumi za mwanzo. Ukiona uvimbe wa moto, usaha au ukisikia harufu, safisha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, puliza dawa ya vidonda, na umwite mtaalamu wa mifugo wa kata yako kabla funza hawajaingia.

Wengi wananiuliza kwa nini wasibaki na chapa ya moto, au kukata alama masikioni kama wazee wetu. Chapa inaharibu ngozi, na ngozi ni fedha. Alama ya kukata inajulikana na majirani tu. Ng'ombe akifika mnada wa mbali haisemi chochote. Tangu mwaka 2010 tuna Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo, na hereni ya kielektroniki ndiyo inayofanya kila mnyama awe na namba yake peke yake. Kwa mpangilio wa kimataifa namba hizo zina tarakimu 15. Tatu za mwanzo zinaweza kutaja nchi, na ya Tanzania ni 834.

Ila naomba hili lieleweke, kwa sababu nimeona watu wakilitegemea: hereni hiyo haikuoneshi ng'ombe aliyeibwa yuko wapi. Ndani yake hamna betri. Inaamka tu inaposogezewa kifaa cha kuisoma, inataja namba, inanyamaza. Ulinzi wa usiku uko palepale. Faida yake inaonekana pale ng'ombe anapokutwa mnadani au kizuizini na mtu anadai ni wake.

Na faida hiyo inategemea daftari. Andika namba ya hereni kabla hujamfungulia ng'ombe, pamoja na rangi, jinsia, umri na mama yake, kisha hakikisha namba hiyo imesajiliwa kwa jina lako. Hereni ikipotea, toa taarifa upate nyingine. Kama tundu la zamani limepona likiwa zima na liko bondeni, ipitishe hapo hapo. Kama limechanika, mwache apone kwanza, ndipo mtafute sehemu nyingine ya bonde lile, au sikio la pili, na namba mpya iandikwe kando ya ile ya zamani.