Kutafuta shule ya kenpo (sanaa ya mapigano inayofanana na karate) Los Angeles
Usianze na bei. Muulize mwalimu kwanza: wewe ulifundishwa na nani? Kenpo ya Marekani ina nasaba inayofuatika. William Chow wa Hawaii alimfundisha Ed Parker, naye Parker akafungua shule Pasadena, karibu na Los Angeles, mwaka 1956. Mwalimu wa kweli atakutajia walimu wake bila kusita.

Kisha omba kukaa pembeni utazame darasa zima, hasa la watoto. Nilizunguka kumbi tatu kabla ya kumwandikisha binti yangu. Katika mmoja, mwalimu alimwangusha mtoto mgeni kwa nguvu, na mtoto alipolia hakumwinua. Tuliondoka papo hapo.

Mkataba wa mwaka usiusaini siku ya kwanza. Lipa mwezi mmoja, na uulize ada ya mtihani wa kila mkanda.