Kabla ya kubeba mavuno, badilisha mafuta ya breki, usiongeze tu

Mvua zikikatika Dodoma, kwa kawaida kuelekea mwisho wa Aprili, kazi ya vyombo vya shambani huanza upya. Mtama na alizeti vinakauka, magunia ya nafaka yanatafuta njia ya kwenda soko la Kibaigwa, na maji ya mifugo yanaanza kufuatwa mbali. Pikipiki za matairi manne na toyo (zile za mizigo zenye matairi matatu) zilizokuwa zinakwama kwenye tope la Bahi sasa zinapakiwa hadi springi zinalala. Huo ndio wakati wa kushughulikia breki, kabla gunia la kwanza halijapanda.

Kinachofanyika kwa wengi ni kingine. Mkono wa breki ukilegea, mtu anafungua kikopo cha mafuta ya breki pale kwenye usukani, anaona yamepungua, anaongeza, anafunga, anaondoka. Hapo amekosea mara mbili. Mafuta ya breki hayaungui kama petroli. Yakishuka polepole, ama pedi zimelika na pistoni zimesogea nje kuzifuata, ama kuna mahali yanavuja. Ukiongeza tu, unaificha dalili. Siku utakapofunga pedi mpya na kuzirudisha pistoni ndani, mafuta yatafurika kikoponi na kubabua rangi ya tangi. Kosa la pili ni kwamba yaliyoko chini, kwenye mabomba na kwenye kalipa (kile kifaa cha gurudumuni kinachobana pedi kwenye diski), ni yaleyale ya zamani. Hata tone moja la yale mapya halijafika huko, na joto la breki liko huko.

Mafuta ya breki yanayouzwa kwa kawaida, yaani DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, hunyonya unyevu wa hewa. Hata bila mvua kuingia ndani, unyevu hupenya kidogo kidogo kupitia mipira ya breki na kikopo chenyewe. Kadiri maji yanavyoongezeka, ndivyo mafuta yanavyochemka mapema. Kiwango cha chini kinachotakiwa kwa DOT 3 mpya ni kuchemka kwa nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji ya kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yanapochemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika wakati mafuta hayabaniki. Unavuta mkono wa breki, unagusa usukani, chombo kinaendelea kwenda.

Sasa fikiria trela lenye pipa la lita 200. Maji peke yake ni kilo 200, bado trela na dereva. Matrela mengi ya shambani hayana breki zake, kwa hiyo uzito wote huo unasimamishwa na pedi za pikipiki inayovuta. Kwenye tambarare za Bahi huenda usione tatizo mwaka mzima. Kwenye miteremko ya Kondoa utaliona siku moja, na itakuwa katikati ya mteremko. Teremka kwa gia ndogo ili injini ishike sehemu ya mzigo, na usikae umeikanyagia breki mfululizo.

Ushauri wa watengenezaji wengi ni kubadilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili. Kwa chombo kinachobeba mizigo na kulala nje, mimi ningefanya kila mwaka, mvua zinapokwisha. Mafuta ni bei ndogo ukilinganisha na masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ukibana breki) iliyooza kutu ndani. Rangi pia husaidia kuamua: mafuta mapya huwa meupe au ya manjano hafifu, na yakifika rangi ya chai ya rangi hayo yamekwisha, hata kama kikopo kimejaa.

Kununua

Aina inayotakiwa imeandikwa kwenye mfuniko wa kikopo au kwenye kitabu cha chombo. Ifuate hiyo. DOT 5 ni ya silikoni, na namba yake inachanganya watu kwa kuwa inafanana na 5.1; haichanganyiki na hizo nyingine, kwa hiyo usiiweke kwenye mfumo usioandikiwa hiyo. Usithubutu kuweka oili ya injini, haidroliki ya trekta wala mafuta ya kupikia. Sili za mpira zitavimba na breki zitakwama.

Nunua chupa iliyofungwa na lakiri yake. Yale ya kupimiwa kwenye chupa ya soda, hata muuzaji akikuapia kwamba ameyafungua jana, yaache. Huwezi kujua yamekaa wazi muda gani, na chupa ya soda yenye sumu ya rangi ya manjano haifai kuingia nyumba yenye watoto. Chupa ya nusu lita huwa inatosha kwa pikipiki ya matairi manne na kubaki. Kilichobaki usikitunzie msimu ujao.

Kufanya kazi yenyewe

Kwanza hakikisha breki zako ni za mafuta. Ukiona waya au fimbo inaenda moja kwa moja hadi kwenye gurudumu, hapo hakuna upepo wa kutoa, yaani hewa iliyonaswa kwenye mafuta, ni kurekebisha tu. Toyo yenye breki za mafuta na viatu (vipande vinavyobana ngoma ya gurudumu kwa ndani) ina jambo lake: rekebisha viatu visogee karibu na ngoma kabla hujafungua chochote. Pedali inayozama kwa sababu viatu viko mbali haiponi kwa kutoa upepo, hata ukimaliza chupa tatu.

Fanya asubuhi, kabla upepo wa Dodoma haujaanza kutembeza vumbi. Osha eneo la kikopo na kalipa, likauke. Egesha sehemu tambarare, weka mawe kwenye magurudumu, geuza usukani mpaka kikopo kikae sawasawa. Funika tangi kwa kitambaa chenye maji. Yakimwagika kwenye rangi, mwagia maji mengi palepale. Vaa glavu na linda macho.

Fungua kikopo na unyonye mafuta machafu kwa bomba la sindano. Linalotumika kwa chanjo za mifugo linafaa, mradi liwe jipya na lisirudi tena kwenye chanjo. Futa tope lililoganda chini kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha jaza mafuta mapya. Usikanyage breki kikopo kikiwa kitupu, utakuwa umeingiza upepo mwenyewe.

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, isipokuwa kitabu chako kielekeze vingine. Juu ya kalipa kuna skrubu ndogo yenye tundu na kofia ya mpira. Ipachike spana ya ringi, halafu vuta juu yake mpira mwembamba unaoonesha ndani, unaobana vizuri. Ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo ya breki, ili upepo usirudi.

Hapa unahitaji mtu wa pili, na mnahitaji kuelewana. Yeye anapampu mkono wa breki taratibu mara kadhaa, anaushikilia, anasema "nimeshika." Wewe unalegeza skrubu robo mzunguko. Mafuta yanatoka, mkono unashuka. Unafunga, unasema "achia," ndipo anaachia. Akiachia kabla hujafunga, mfumo unanyonya hewa na mnaanza upya. Msaidizi akiwa kijana anayechezea simu, mtashinda hapo hadi jioni.

Rudieni hadi yanayotoka yawe masafi na yasiwe na povu. Kila baada ya mara chache tazama kikopo. Kisishuke chini ya alama ya chini. Kosa hili ndilo linalowarudisha wengi mwanzo, kwa sababu macho yote yako kwenye mpira wa chini. Ukimaliza, kaza skrubu kwa kiasi. Ni nyembamba, na ikikatikia ndani utanunua kalipa.

Ikibaki laini baada ya hapo, usiendelee kumwaga mafuta. Angalia kama kalipa imefungwa upande usio wake, skrubu ikawa chini. Upepo hupanda juu, hautatoka kwa chini. Shika mpira wa breki wakati msaidizi anabana: ukivimba mkononi, umezeeka. Mkono ukishuka wenyewe polepole huku hakuna kinachovuja nje, shuku sili za masta silinda. Wapo wanaofunga mkono wa breki kwa kipande cha tyubu usiku kucha ili viputo vidogo vipande juu. Husaidia wakati mwingine, lakini haifungi mahali panapovuja.

Pedi ikiguswa na mafuta ya breki, ibadilishe. Kuisugua kwa msasa hakuondoi yaliyokwisha kuingia ndani. Diski isafishwe kwa dawa ya kusafishia breki, kamwe isiwe dizeli.

Mafuta machafu yatie kwenye chombo chenye mfuniko, andika ni nini, yasichanganywe na oili chafu ya injini, kisha uyapeleke kwenye gereji inayokusanya mafuta yaliyotumika. Yasimwagwe korongoni. Kiangazi watu huchimba mchanga wa makorongo hayohayo kutafuta maji ya kunywa.

Kujaribu ni uani, bila mzigo. Bana breki kwa nguvu ukiwa umesimama na ukague kila kiungo kama kuna unyevu. Kisha nenda mwendo wa kutembea, ujaribu ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Zikishika bila kuvutia upande mmoja, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha plasta ukibandike chini ya kiti, halafu pakia nusu ya mzigo kwa safari ya kwanza na ukague tena ukifika.