Kusimamia Maji na Majitaka Kiwandani: Mwongozo kwa Kiwanda cha Nguo

Kiwanda kinachotia rangi vitambaa hakiwezi kufanya kazi bila maji, na karibu kila lita inayoingia katika mashine zake hutoka ikiwa imebeba kitu: rangi, chumvi, sabuni, kostiki soda, nyuzi za pamba, au joto tu. Mwongozo huu unamlenga meneja, mhandisi au ofisa mazingira wa kiwanda cha ukubwa wa kati nchini Tanzania, ingawa sehemu yake kubwa itamfaa pia anayeendesha kiwanda cha vinywaji, cha sabuni au cha ngozi. Msimamo ninaousimamia ni kwamba mtambo wa kusafisha majitaka ununuliwe mwisho, si mwanzo. Kiwanda kinachokimbilia mtambo kabla ya kujua maji yake yanakwenda wapi hununua mtambo mkubwa kuliko unaohitajika, hulipia umeme na kemikali zake kila siku, na bado majitaka hutoka yakiwa na rangi.

Yajue maji yako kwanza

Chukua karatasi kubwa na uzunguke kiwanda kizima pamoja na fundi bomba aliyekaa hapo kwa muda mrefu kuliko wote, kwa sababu michoro iliyoko ofisini kwa kawaida haina bomba lililoongezwa wakati mashine mpya ilipofungwa, wala koki iliyozibwa na baadaye ikafunguliwa tena. Fuateni maji kutoka kisimani au kwenye bomba la mamlaka ya maji hadi kwenye tangi, kutoka kwenye tangi hadi kwenye kila mashine, na kutoka kwenye mashine hadi kwenye chemba ya mwisho. Fungueni kila chemba. Pale msipojua chemba inapokea maji kutoka wapi, mwageni rangi kidogo isiyo na madhara kwenye karo mnalolishuku, kisha msubiri kuona inatokea wapi. Kazi hii inaweza kuchukua siku kadhaa, na hakuna siku zitakazokulipa vizuri zaidi ya hizo.

Baada ya hapo, funga dira ndogo za maji katika maeneo makubwa ya matumizi: chumba cha kutia rangi, boila, mnara wa kupozea, na vyoo pamoja na jiko la wafanyakazi. Zisomwe kila mwisho wa zamu, kwa saa ileile, na namba iandikwe papo hapo katika daftari linalokaa karibu na dira, si kukumbukwa na kuandikwa kesho. Jumla ya dira ndogo ikipungua chini ya dira kuu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, ama kuna dira mbovu, ama kuna bomba usilolijua, ama kuna maji yanayopotea ardhini.

Kipimo cha kuvuja ni rahisi na hakihitaji mtaalamu. Siku ambayo uzalishaji umesimama, usiku wa Jumapili kwa mfano, hakikisha matangi yamejaa na mashine zote zimefungwa, kisha simama mbele ya dira kuu ukiwa na tochi. Kile kigurudumu kidogo kilicho kwenye uso wa dira kikiendelea kuzunguka wakati hakuna anayetumia maji, yanavuja. Soma namba, subiri dakika 10, usome tena. Tofauti ya lita 300 ina maana ya lita 30 kwa dakika, yaani zaidi ya uniti 43 (uniti moja ni lita 1,000) kwa siku na zaidi ya uniti 15,000 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa, na hoja ya kumpelekea mkurugenzi wa fedha itakuwa imekamilika. Kisha funga valvu za maeneo moja baada ya nyingine huku mwenzako akiangalia dira. Valvu itakayosimamisha kigurudumu ndiyo inayokuonyesha mahali pa kuchimba. Mara nyingi, kabla hata ya kuchimba, kosa huonekana kwenye boya la tangi la juu ambalo halifungi, na maji yanamwagika kimyakimya kupitia bomba la kutolea maji yaliyozidi.

Kipimo ambacho uongozi unapaswa kukiangalia kila mwezi ni lita za maji kwa kila kilo ya kitambaa kilichokamilika. Jumla ya maji peke yake hudanganya, kwa kuwa hushuka pale oda zinapopungua na hupanda pale biashara inapostawi.

Wenye visima virefu katika ukanda wa pwani wana jukumu la ziada. Kuvuta maji kupita uwezo wa kisima huvuta pia maji ya bahari, na kisima kikishaingia chumvi kinachukua muda mrefu sana kurudi katika hali yake. Pima kina cha maji na chumvi kila mwezi, na uangalie mwelekeo wa namba hizo kwa miaka, si kwa wiki.

Punguza pale yanapotumika

Katika kiwanda cha nguo, maji mengi zaidi huliwa na usuuzaji. Mazoea ya kuacha maji yatiririke juu ya kitambaa mpaka mwendesha mashine aridhike kwa macho ndiyo ya kuondoa kwanza. Weka badala yake usuuzaji wa kujaza na kumwaga kwa idadi maalumu, ukiongozwa na kifaa kidogo cha kupima uwezo wa maji kupitisha umeme, kwa sababu chumvi iliyobaki kwenye kitambaa huonekana katika kipimo hicho mapema kuliko jicho linavyoweza kuiona. Ukitaka kuwashawishi waendesha mashine, chota ndoo moja ya maji ya usuuzaji wa kwanza na nyingine ya usuuzaji wa mwisho, uziweke bega kwa bega mbele yao. Ya kwanza haionyeshi chini ya ndoo. Ya pili karibu inafanana na maji ya bombani, na yamekuwa yakimwagwa pamoja na yale ya kwanza. Maji hayo ya mwisho yapelekwe kwenye tangi na yatumike kuanzia usuuzaji wa kundi linalofuata.

Mvuke uliokwisha kutoa joto lake hugeuka kuwa maji ya moto yaliyo safi sana, na kuyamwaga ni kumwaga maji, mafuta ya boila na kemikali za kutibu maji kwa wakati mmoja. Yarudishwe kwenye tangi la boila, na stimu trapu, yaani valvu zinazotoa maji hayo bila kuachia mvuke, zikaguliwe mara kwa mara. Maji ya kupozea ambayo hayagusi kitambaa wala kemikali nayo hayana sababu ya kuingia katika mfereji wa majitaka.

Mnara wa kupozea unahitaji hesabu kidogo. Sehemu ya maji hupotea kama mvuke na chumvi hubaki, hivyo ni lazima kumwaga kiasi fulani ili chumvi isizidi. Kiwanda kinachomwaga pale chumvi inapofika mara 3 ya ile ya maji yanayoingia kikiweza kusubiri hadi mara 6, mahitaji ya maji mapya ya mnara hushuka kwa asilimia 20. Fanya hivyo kwa ushauri wa anayekuuzia kemikali za mnara, kwa kuwa maji magumu huacha magaga kwenye mabomba.

Mvua nayo isisahauliwe. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 2,000 likipata milimita 1,000 kwa mwaka, na ukikadiria kuvuna asilimia 80, utapata uniti 1,600.

Tenganisha kabla ya kusafisha

Kosa lililoenea ni kuunganisha kila kitu katika mfereji mmoja: majitaka makali ya kuondoa wanga na kuchemsha vitambaa kwa kostiki, rangi iliyobaki kwenye mashine, maji mepesi ya usuuzaji, maji ya vyoo na ya mvua. Yakishachanganyika, uchafu uliokuwa katika ujazo mdogo sasa umo katika ujazo mkubwa, na wote unapaswa kusafishwa. Kuyazimua majitaka kwa maji safi ili yapite kipimo cha maabara hakupunguzi hata gramu moja ya uchafu unaofika mtoni, na ni matumizi mabaya ya maji ambayo mtaa wa jirani huenda unayapata kwa mgawo.

Jenga basi mifereji mitatu: ya majitaka makali, ya majitaka mepesi, na ya mvua. Mfereji wa mvua upite mbali na ghala la kemikali na mahali pa kupakulia mafuta, hasa kabla ya masika. Ndani ya ghala, kila eneo la kemikali za majimaji lizungushiwe ukuta mfupi usiopitisha maji, unaoweza kushika asilimia 110 ya chombo kikubwa zaidi kilichomo. Tindikali na kostiki zisikae ndani ya ukuta mmoja.

Kusafisha kilichobaki

Sasa ndipo mtambo unaposanifiwa. Chujio la kunasa nyuzi hutangulia, kisha linafuata tangi la kusawazisha, ambalo kwangu ndilo moyo wa mtambo wote. Kiwanda cha kutia rangi humwaga kwa mafungu: saa hii maji ya moto yenye kostiki, saa ijayo maji baridi yenye chumvi. Tangi linaloshika majitaka ya nusu siku hadi siku nzima, huku yakikorogwa kwa hewa, huyachanganya na kuyapoza, na kila hatua inayofuata hupata majitaka ya aina moja. Wanaobana bajeti kwenye tangi hili hulipa baadaye kwa kemikali.

Baada ya hapo pH, yaani kipimo cha ukali wa tindikali au kostiki, hurekebishwa. Kumbuka kwamba kipimo hiki hupanda kwa mara 10 katika kila hatua. Majitaka yenye pH 11 yana ukali wa kostiki mara 1,000 kuliko yenye pH 8. Kisha shabu au kemikali nyingine ya kugandisha huunganisha chembe za uchafu ili zitulie chini. Kiasi chake kitafutwe kwa kujaribu katika vyombo sita vyenye majitaka yaleyale na vipimo tofauti vya shabu, na jaribio lirudiwe kila aina ya rangi inapobadilika. Hatua ya vijidudu hula uchafu unaooza, kama wanga. Vijidudu hivyo ni viumbe hai: huhitaji hewa, naitrojeni na fosforasi kidogo, na hufa vikishtuliwa na kostiki au klorini. Rangi nyingi za pamba haviziwezi vizuri, ndiyo sababu uzuiaji wa rangi huanzia kwenye mashine, kwa mapishi yanayoifanya rangi ishike zaidi kwenye kitambaa.

Tope linalobaki likaushwe juu ya sakafu isiyovuja na lipimwe. Lisigawiwe kwa wakulima kama mbolea kwa sababu tu limekauka na linafanana na udongo.

Vibali, sampuli na majirani

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha kutumia maji na kibali cha kutiririsha majitaka kutoka bodi ya maji ya bonde husika. Kiwango cha Tanzania cha majitaka yanayoingia katika vyanzo vya maji kinaweka BOD (oksijeni ambayo vijidudu huhitaji ili kuozesha uchafu) isiyozidi miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu kwa kemikali) isiyozidi 60, chembe zinazoelea zisizozidi 100, na pH kati ya 6.5 na 8.5. Anayemwaga katika mfumo wa majitaka wa mamlaka ya maji afuate masharti ya mkataba wake na mamlaka hiyo.

Sampuli moja iliyochotwa saa nne asubuhi inaeleza saa nne asubuhi tu. Chota kila saa kwa siku nzima, changanya, hifadhi kwenye barafu, na uifikishe maabara ndani ya siku hiyo kwa ajili ya BOD. Chota pia usiku, kwa kuwa wakaguzi hawapo na majirani wapo. Wanaomwagilia mchicha kwa maji ya Mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, hawana maabara. Wana macho na pua, na malalamiko yao yaandikwe katika daftari pamoja na saa, na yajibiwe. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliishi na sumu ya risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Damu ya watoto ilikuwa imekwisha kuathirika muda mrefu kabla ya hukumu hiyo.

Mwisho, panga kabisa nini kitafanyika umeme ukikatika au pampu ya mtambo ikiharibika usiku. Tangi la dharura liwe tupu wakati wote, liwe na uwezo wa kupokea majitaka ya zamu moja, na namba za simu zibandikwe mlangoni. Likijaa, mwendesha mtambo aliye zamu awe na mamlaka ya maandishi, yaliyosainiwa na mkurugenzi, ya kusimamisha chumba cha kutia rangi bila kumsubiri meneja aamke.