Makumbi ya nazi chini ya migomba

Kwa wenye migomba kwenye udongo wa kichanga hapa Unguja, makumbi ya nazi, yaani maganda yake ya nje yenye nyuzi, yana faida zaidi yakifukiwa kuliko yakichomwa: chimba mtaro hatua moja hivi kutoka shinani, yapange upande wa ndani uliobonyea ukitazama juu, kisha yafunike. Hufyonza maji ya masika na kuyaachia polepole, na potasiamu iliyomo, ambayo mgomba huihitaji kwa wingi na ambayo dukani hulipiwa fedha taslimu, hurudi ardhini kwa gharama ya nguvu za jembe tu. Makumbi yaliyokwisha kuozeshwa pwani kwa ajili ya usumba, yaani nyuzi za kusokotea kamba, hayafai, kwani potasiamu nyingi imetoka na chumvi imeingia. Bondeni panapotuama maji usijaribu. Na akitokea mtu wa kuyanunua kwa kuni, kwa bei inayolipia mbolea na kubakisha, muuzie.