Kamati ya mazishi mtaani: kutoka mochari hadi kaburini

Kamati nyingi za mazishi hapa Nairobi huanza na hema, basi na chakula, halafu Ijumaa asubuhi zikajikuta nje ya lango la mochari bila kibali cha mazishi. Anzeni na karatasi.

Aliyefia hospitalini hujaziwa fomu ya taarifa ya kifo na hospitali yenyewe. Aliyefia nyumbani, mwarifuni naibu wa chifu na mripoti kituo cha polisi mpewe nambari ya OB (daftari la matukio la polisi), maana mochari nyingi hazipokei mwili uliotoka nyumbani bila hiyo. Kifo cha ajali, kujitoa uhai au cha kutiliwa shaka ni cha polisi kwanza, na kibali cha mazishi husubiri uchunguzi wa maiti. Kabla fomu haijapigwa muhuri, mtu mmoja makini alinganishe kila herufi ya jina na kitambulisho cha marehemu. “Atieno” akiandikwa “Atiena” atazikwa bila shida, lakini cheti cha kifo kitakwama benki na kwenye kesi ya mirathi. Kibali kikitoka, toeni nakala tano hivi: mwajiri, bima, sacco (chama cha akiba na mikopo), chifu wa kule mashambani na faili ya kamati. Mwajiri na sacco waulizwe siku ya kwanza, kwa sababu familia nyingi huchangisha wiki nzima na huku marehemu alikuwa na bima ya mazishi.

Mochari mtaulizwa mnazika lini. Jibu hilo ndilo linaloamua dawa ya kuhifadhi mwili. Kama familia inataka uchunguzi wa maiti, semeni kabla mwili haujadungwa dawa hiyo, yaani formalini, kwani huvuruga vipimo vya sumu na haiwezi kutolewa tena. Familia inaweza kuleta mwanapatholojia wake akae pamoja na yule wa serikali. Waislamu nao wasemee hapo hapo mlangoni: mwili haudungwi dawa, huoshwa na kuvishwa sanda, nguo tatu kwa mwanamume na tano kwa mwanamke, na mazishi hayangoji mkutano wala bajeti.

Swali la wapi atazikwa si la kamati. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986 na hakuzikwa hadi Mei 1987, mjane wake na ukoo wake wa Umira Kager wakivutana mpaka Mahakama ya Rufaa. Mkiona mjane na wakwe hawaketi upande mmoja, msilipie basi wala jeneza mpaka familia iandike uamuzi wake na kuutia sahihi.

Pesa zisiingie kwenye simu ya mtu. Laini ya M-Pesa haishikilii zaidi ya shilingi 500,000, na ikijaa michango haiingii tena, lakini tatizo kubwa ni uaminifu. Fungueni paybill (nambari ya M-Pesa ya kupokea malipo) au akaunti yenye watia sahihi watatu, mmoja wao akiwa mwanafamilia. Mweka hazina aweke orodha kwenye kundi la WhatsApp kila jioni, jina na kiasi. Ahadi zisihesabiwe kama pesa: pangeni bajeti kwa kilichoingia, mkitenga sehemu moja ya kumi kwa dharura. Bili ya mochari huongezeka kila siku, kwa hiyo kuahirisha mazishi ili mpate hema zuri zaidi ni hasara tupu.

Jeneza lipimwe kwa mwili wenyewe. Ulizeni mhudumu urefu na upana wa mabega baada ya dawa, kwa kuwa mwili huvimba na kipimo cha suti ya marehemu hudanganya. Nguo ziwe za mikono mirefu, pamoja na za ndani na soksi. Viatu si lazima.

Bili ilipwe siku moja kabla ya kuchukua mwili. Alhamisi na Ijumaa foleni ni ndefu kwa sababu wengi huzika Jumamosi, na mtu anayekuja kulipa saa tatu asubuhi hutoka saa sita. Jamaa wawili wautambue mwili kabla ya jeneza kufungwa. Utani wa “mtu wetu tunamjua” umewahi kufanya familia zizike mtu asiye wao.

Basi la wasafiri liwe na leseni inayoliruhusu kutoka nje ya njia yake ya kawaida, la sivyo polisi watalisimamisha Gilgil na waombolezaji wote ndani. Safari ya Kisumu au Kakamega inahitaji madereva wawili kwa kila gari. Ndani ya gari la maiti wekeni glavu, pamba, shuka ya ziada na dawa ya kuua viini, kwani barabara mbovu hufanya mwili uvuje. Jeneza lifungwe mikanda, na gari lisiegeshwe juani.

Kaburi lichimbwe jana yake, futi sita kwenda chini, upana ukizidi jeneza kwa nusu futi kila upande. Penye udongo mweusi wa pamba kingo huporomoka mvua ikinyesha, basi zifunikwe kwa turubai usiku.

Wanaozika kwenye makaburi ya Lang'ata, Nairobi, wamtume jamaa akaione nafasi yenyewe kabla ya siku, pia waulize kama ni kaburi la kudumu au la muda. Kwa wanaochoma mwili, kifaa cha kusaidia moyo kitolewe mapema mochari, kwa maana betri yake hulipuka motoni.

Baada ya mazishi kamati hukutana mara moja tu: hesabu zisomwe, risiti zikabidhiwe familia, salio liende pale mlipokubaliana mkutano wa kwanza, kwa kawaida karo ya watoto. Ombi la cheti cha kifo lipelekwe wiki hiyo hiyo pamoja na kibali, kisha akaunti ifungwe.