SOMO: Jinsi thamani ya nyumba inavyopatikana (soma yote kabla ya kuuliza)

Swali la "nimejenga kwa pesa nyingi, mbona mthamini kaandika kidogo?" limejibiwa sana humu. (Mthamini ni mtaalamu anayekadiria thamani ya mali.) Naliweka hapa lote.

1. Jua tathmini ni ya nini. Thamani ya soko ni bei ambayo mnunuzi na muuzaji wasio na undugu wala shinikizo wangekubaliana. Ya kuuza kwa haraka huwa chini yake. Ya bima huangalia gharama ya kujenga upya, kiwanja hakimo.

2. Andaa hati, michoro na kibali cha ujenzi.

3. Mthamini akija, mfungulie vyumba vyote.

4. Thamani hupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni kulinganisha. Hapa ndipo wengi huharibu. Tafuta nyumba angalau tatu zinazofanana na yako, zilizouzwa karibuni eneo hilo hilo. Nasema ZILIZOUZWA, bei ya tangazo ni ombi la muuzaji tu. Kisha rekebisha bei ya ile iliyouzwa, yako usiiguse. Ikiwa na kitu ambacho yako haina, punguza. Ikikosa ulichonacho, ongeza. Tuseme iliuzwa kwa 100 na ina bafu la pili, ambalo wanunuzi wa hapo hulilipia 5. Yako haina, kwa hiyo unabaki na 95. Ukijumlisha ukapata 105, umegeuza hesabu nzima. Angalia pia: hiyo 5 ni ziada anayokubali kulipa mnunuzi, siyo ulichomlipa fundi. Na marekebisho yakizidi kuwa mengi, nyumba hizo hazifanani. Tafuta nyingine.

5. Njia ya pili, gharama: kujenga upya leo, toa uchakavu, ongeza thamani ya kiwanja. Kiwanja hakichakai.

6. Njia ya tatu, mapato, kwa nyumba za kupangisha: pato halisi la mwaka gawanya kwa kiwango cha faida wanachotaka wawekezaji. Pato 8 kwa kiwango cha asilimia 8 ni thamani ya 100. Toa kwanza matengenezo, bima na miezi isiyo na mpangaji.

7. Mthamini hachukui tu wastani wa njia hizo. Yenye ushahidi imara ndiyo hupewa uzito.

MASWALI

— Mkuu, mimi nimeweka vigae vya gharama sana, si thamani inapanda kwa kiasi hicho hicho?
Hatua ya 4. Rudia kusoma.

— Nikutumie picha unikadirie?
Hapana. Picha haionyeshi mipaka wala hati.

— Asante kwa somo. Ripoti ya benki imekuja chini, naweza kuipinga?
Swali zuri, ndugu. Mteja wa mthamini huyo ni benki, kwa hiyo pitia kwao, kwa maandishi. Malalamiko hayasaidii, makosa ndiyo husaidia: ukubwa uliopimwa vibaya, chumba kilichosahaulika, mauzo ya karibuni yaliyorukwa. Ambatisha ushahidi wa kila kimoja.

— Chumba nilichoongeza bila kibali kinahesabiwa?
Usikitegemee, dada. Mara nyingi hupunguzwa au kuachwa kabisa, maana mnunuzi anaweza kuamriwa akibomoe. Ulizia kwanza kama kinaweza kurasimishwa.

— Nyongeza: paa linalovuja lizibwe kabla mthamini hajafika.
Kweli kabisa. Tunza na risiti.

— Masofa je?
Kinachobebeka hakimo. Makabati yaliyojengewa ukutani yamo.

— Nina ripoti ya mwaka juzi, bado inafaa?
Thamani ni ya tarehe iliyoandikwa kwenye ripoti. Omba mpya.