Naadam: wafuate farasi kwanza

Mara ya kwanza nilipokwenda Naadam, sikukuu ya michezo ya Mongolia, niliwakosa farasi. Nilikaa siku mbili katika uwanja wa taifa wa Ulaanbaatar, mji mkuu, nikitazama mieleka, na siku ya tatu dereva niliyemkodi akaja saa 3 asubuhi badala ya saa 11 alfajiri. Tulipofika uwandani Khui Doloon Khudag, mbio zilikuwa zimekwisha na watu wanakunja mahema. Mimi ni daktari wa mifugo, nimekulia Handeni zizini kwa babu, na safari nzima nilikuwa nimeifunga kwa ajili ya wale farasi. Niliumia sana. Mwaka uliofuata nikarudi, na haya ndiyo ninayomwambia kila anayeniuliza aendeje.

Naadam ya taifa ni tarehe 11 hadi 13 Julai. Tarehe hizo zimefungamana na mapinduzi ya 1921, lakini michezo yenyewe ni ya kale kuliko hapo: mieleka, farasi na upinde. Omba viza mapema, na chumba cha Ulaanbaatar kishike miezi kadhaa kabla, maana wiki hiyo mji hujaa. Kutoka kwetu njia nyepesi ni kupitia Istanbul. Uwanja wa ndege uko kama kilomita 50 kusini mwa mji, kwa hiyo panga usafiri kabla hujatua. Beba kofia pana, koti la mvua na sweta. Jua la mchana ni kali, mvua huja bila kubisha hodi, na alfajiri kule nyikani baridi yake ni ya Lushoto mwezi wa Julai.

Tiketi ni za ufunguzi. Ukiipata, nenda ukaone bendera 9 za singa nyeupe za farasi zikiletwa na wapanda farasi hadi uwanjani. Usipoipata usihuzunike, jielekeze kwenye farasi.

Khui Doloon Khudag iko kilomita 40 hivi magharibi mwa mji. Barabara ile moja hubeba kila mtu, na ukichelewa utazisikilizia mbio ndani ya gari. Mwambie dereva saa kwa saa ya kwao, umwandikie kwenye karatasi, umpigie simu usiku. Ukiweza, lala hukohuko kwenye hema. Pale uwandani husimami kwa tiketi.

Sasa elewa unachokitazama. Farasi hupangwa kwa umri, si kwa ukubwa. Wale wa miaka 2, wanaoitwa daaga, hukimbia kilomita 10 hadi 12; wakubwa wa miaka 6 na kuendelea hufika kama 25. Tena hakuna mzunguko. Wapanda farasi huondoka mstari wa mwisho, huenda polepole hadi mahali pa kuanzia, kisha ndipo hugeuka na kurudi mbio. Maana yake utasubiri muda mrefu bila kuona kitu. Usiondoke. Kabla hawajaondoka, nenda karibu na pale wanapozunguka, uwasikie watoto wakiimba giingoo, wimbo mrefu wa sauti nyembamba wa kumwamsha farasi moyo. Mimi nywele zilinisimama.

Ndiyo, wanaopanda ni watoto, wa kiume na wa kike. Sheria inataka mtoto awe na angalau miaka 7 na avae kofia ngumu. Watu wa Mongolia wenyewe wanabishana juu ya usalama wao, na mimi naona wana haki ya kubishana: mtoto akianguka kwa mwendo ule anaumia. Tazama ukijua hilo.

Simama mita mia kadhaa kabla ya mstari wa mwisho, upande upepo unakotoka, vumbi lisikujie. Kwanza utaona vumbi tu, kama moshi wa mtu anayechoma shamba. Kisha vumbi linapata miguu. Farasi wa kwanza huitwa tümen ekh, kiongozi wa elfu kumi, na watano wa mbele hunyunyiziwa airag, maziwa ya farasi jike yaliyochachushwa. Watu hukimbilia kugusa jasho lao kwa kuamini lina baraka. Mwangalie mfunzaji anavyolikwangua jasho lile kwa kibao cha mti kilichonakshiwa. Zamani wengine walitumia mdomo wa ndege mwari. Nilimtazama mzee mmoja akikwangua shingoni kisha akisikiliza pumzi ya farasi wake, na nilijua niko mbele ya mwenzangu wa kazi.

Ukimsogelea farasi wa mtu, omba ruhusa, na mwendee upande wa kushoto, ndiko walikozoea kupandiwa.

Mieleka haina uzito wala rika: kijana mwembamba anaweza kupangiwa jitu. Huwa wanamieleka 512, kila raundi nusu wanatoka, hadi raundi ya 9. Ukigusa ardhi kwa goti au kiwiko umeanguka, na aliyeshindwa hupita chini ya mkono wa mshindi. Raundi za mwanzo jozi nyingi hupambana kwa pamoja na macho hayajui pa kukaa. Kama una muda wa mara moja tu, njoo jioni ya siku ya pili. Kwa upinde, nenda ukasikie waamuzi wakiinua mikono na kuimba kila mshale unapopiga. Wanawake hushindana humo pia.

Chakula ni khuushuur, unga uliokunjwa nusu mwezi na nyama ndani, ukakaangwa. Mla sambusa hatasumbuka. Nyama huwa ya kondoo au ng'ombe, lakini Mwislamu anayetafuta ya halali aulize kabla, na ajue airag ina kilevi kidogo. Mimi sinywi. Naipokea bakuli kwa mkono wa kulia, naigusisha midomoni, nairudisha kwa heshima, na hakuna aliyewahi kunichukia. Chai yao ya maziwa yenye chumvi nakunywa hata vikombe vitatu. Ukikaribishwa ndani ya ger, hema lao la duara, usikanyage kizingiti.

Mara ya pili, baada ya mji, nilikwenda Naadam ya wilaya moja ndogo mkoani Arkhangai. Kama una siku za ziada, nenda ya wilaya. Tarehe zake hutofautiana, kwa hiyo uliza ukiwa njiani. Hakuna majukwaa, unakaa kwenye nyasi na wenyeji, na bibi usiyemjua anakusogezea sahani.

Siku ile walikimbia daaga. Washindi walikwisha kupita, nikainuka niende. Yule bibi akanishika mkono wa shati, akaniketisha. Baada ya muda akatokea mwanafarasi mmoja peke yake, anatembea tu, mtoto mgongoni kashika hatamu kwa mikono yote miwili. Wa mwisho kabisa. Huyo huitwa bayan khodood, tumbo lililojaa. Wakamzunguka, mwimbaji akasimama mbele yake akamwimbia kwa sauti kubwa, wakamtakia mwakani awe wa kwanza. Bibi alikuwa anapiga makofi, nami nikapiga.